Ua la Pwani Mlangoni Pako

Ndugu msomaji, wewe mama wa nyumba, wewe baba unayerudi jioni na potopoto kwenye buti, nanyi vijana wetu: mkisikia neno "bustani", bila shaka mnafikiri kwanza sombe, lengalenga, vitunguu na maharagi. Ni sawa kabisa. Chakula kinapita mbele. Lakini mwezi huu tunataka kuongea juu ya maua. Tena si maua ya kununua kwa bei kali kule Goma. Tunataka kuongea juu ya ua ambalo unaweza kulianza bila kutoa hata franga moja, ukiomba tu kwa jirani tawi moja refu kama kidole chako.

Utasema: "Maua? Hapa kwenye machimbo? Na sisi watu wa kuhamahama?" Swali hilo si baya, na tutalijibu mbele kidogo. Kwanza tufahamiane na ua lenyewe, kwa maana liko na historia inayogusa Afrika yetu, na hata kazi ya misheni.

Ua gani hilo?

Pengine umeshaliona bila kujua jina lake. Ni mmea mfupi, mara nyingi haupiti goti. Shina lake ni nene na laini, limejaa maji, hata ukiliinua kwenye mwanga unaona kama linapitisha nuru. Majani yake ni ya kijani, yana meno madogo ukingoni. Ua ni bapa, lina petali tano, na rangi zake ni nyingi: nyeupe, nyekundu, ya waridi, ya machungwa, ya zambarau. Ukiligeuza utaona nyuma yake kimkia chembamba kilichopinda. Ndani ya kimkia hicho mna maji matamu ambayo vipepeo huyafuata.

Wataalamu wa mimea huliita Impatiens walleriana. Sisi hapa tutaliita impasiensi. Neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni "asiye na subira". Ua lisilo na subira! Sababu utaiona siku utakayogusa kifuko chake cha mbegu kilichokomaa: kinapasuka ghafula mkononi mwako, na mbegu zinaruka huku na huku. Mtoto akikigusa mara ya kwanza anashituka, halafu anacheka, halafu anatafuta kingine.

Kwao ni mashariki mwa Afrika: kuanzia pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, kupanda hadi milima ya Usambara, Malawi na mashariki mwa Zimbabwe. Huko porini huishi chini ya miti, kando ya vijito na kwenye mawe yenye unyevu. Shika neno hilo, kwa maana ndilo siri yote ya kulilima: ua hili ni mtoto wa kivuli na maji.

Majina matatu kwa mmea mmoja

Kati ya mwaka 1858 na 1863 daktari mmoja wa Scotland, John Kirk, alisafiri na David Livingstone kwenye mto Zambezi. Mwaka 1861 wamisionari wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA, walifika huko kufungua kazi katika nchi ambayo leo ni Malawi. Pamoja nao alikuwa Horace Waller, kijana asiye padri bado, mwenye kazi ya kusimamia shughuli za kila siku. Waliikuta nchi ikiteswa na biashara ya watumwa, na kituo chao cha Magomero kikawa kimbilio la watu waliofunguliwa minyororo. Waller aliporudi kwao Uingereza aliingia kazi ya upadri, akatumia maisha yake kupinga biashara ile. Yeye pia ndiye aliyetengeneza daftari za mwisho za Livingstone ili zichapwe, mwaka 1874.

Mwaka 1868 Joseph Hooker, mkubwa wa bustani ya mimea ya Kew huko London, aliandika habari za ua letu katika kitabu cha mimea ya Afrika, akalipa jina la Waller. Ndiyo sababu ya neno walleriana.

Kirk kwa upande wake alikwenda Zanzibar, akawa balozi wa Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Kirk alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea, na kutoka Unguja aliifikishia Kew ua lenye rangi kali. Mwaka 1882 wataalamu wa London walilitangaza kama ua jipya, wakaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye likaonekana tena Usambara, wakati wa Wadachi, likapewa jina la tatu kwa heshima ya Carl Holst, mkusanyaji wa mimea.

Kumbe lilikuwa ua moja tu! Wataalamu walikuja kutambua kwamba la Waller, la Sultani na la Holst ni mmea uleule. Kwa desturi ya kazi yao jina la kwanza ndilo linalobaki, kwa hiyo Waller akashinda. Wazee wa pwani na wa Usambara waliokuwa wakiruka vijito vyao kati ya maua hayo tangu zamani, wao hawakuulizwa jina.

Lilikwenda bure, likarudi na bei

Sisi watu wa Masisi na Walikale habari ya namna hii haitushangazi. Tunajua kitu kinavyotoka udongoni kwetu kikiwa rahisi, kinakwenda mbali, na kinarudi ndani ya simu kikiwa na bei ya kutisha. Ua hili nalo lilitembea vilevile.

Huko Ulaya lilipandwa katika vyungu vya dirishani. Kutoka huko na kupitia njia nyingine likaenea nchi zote zenye joto, hata likatoka bustanini na kujiotea lenyewe kando ya barabara. Nchini Kosta Rika, Amerika ya Kati, Mwamerika mmoja aitwaye Claude Hope aliyekuwa na shamba la maua liitwalo Linda Vista aliyatazama maua hayo ya njiani kwa jicho lingine. Alichagua yaliyo mafupi, yenye maua mengi, akayazalisha kwa uangalifu. Katika miaka ya 1960 mbegu zake zikaanza kuuzwa, na kabla ya karne ya 20 kwisha impasiensi ilikuwa kati ya maua ya bustani yaliyouzwa zaidi Marekani. Kila nyumba yenye kivuli ilikuwa nayo.

Halafu ikaja shida. Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu uliyashambulia maua hayo Uingereza. Mwaka 2011 na 2012 ukaenea Marekani. Majani yaligeuka manjano, yakajikunja, chini yake ukatokea unga mweupe, kisha yakaanguka yote na kuacha mashina matupu kama vijiti. Bustani nzima iliweza kwisha kwa majuma machache. Mamilioni ya miche iliyopandwa ilikuwa inafanana, watoto wa ukoo mmoja mwembamba. Kilichomshinda mmoja kikawashinda wote. Wauzaji wengi waliacha kabisa kuliuza.

Makampuni ya mbegu yalifanya kazi miaka kadhaa kutafuta miche inayovumilia ugonjwa huo, wakaipata. Kampuni ya Syngenta iliupa mche wake jina ambalo wewe msomaji huhitaji kutafsiriwa: Imara. Ua lilitoka pwani ya Waswahili, likazunguka dunia, likaugua, na lilipopona likapewa jina la Kiswahili.

Hapa tuko na fundisho la bustani. Usipande rangi moja kutoka kwa mtu mmoja peke yake. Omba tawi kwa huyu na kwa yule, kwa mama wa Nyabiondo na kwa mama wa Sake. Bustani yenye maua ya koo mbalimbali iko na nafasi zaidi ya kubakiza kitu siku ya ugonjwa.

Namna ya kulipanda, hatua kwa hatua

1. Tafuta tawi. Chagua mmea wenye afya. Kata ncha ya tawi yenye urefu wa kidole kimoja, chini kidogo ya kifundo, yaani mahali jani linaposhikia shina. Tumia wembe au kisu safi. Ondoa majani ya chini na maua yote. Usiyahurumie maua hayo: tawi lenye maua linapoteza nguvu zake huko juu na kuchelewa kuota mizizi.

2. Liotesheni mizizi. Njia rahisi ni glasi au kopo la maji. Sehemu ya chini iwe ndani ya maji, majani yabaki nje. Weka ndani ya nyumba mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya juma moja au mawili utaona nyuzi nyeupe: hiyo ndiyo mizizi. Ikifika urefu wa kucha, pandeni. Unaweza pia kuchomeka tawi moja kwa moja katika udongo laini wenye unyevu.

3. Tengeneza udongo. Changanya udongo mweusi wa juu, majani yaliyooza, na mbolea ya ng'ombe ya zamani iliyokauka na kupoteza harufu. Mbolea mbichi inaunguza mizizi. Masisi, nchi ya ng'ombe, hapo hamuna udhuru! Ninyi wa Walikale mko na majani yaliyooza ya msituni, nayo ni mazuri sana. Lakini sikia: usichukue udongo wa mahali pa kuoshea mawe. Mchanga ule umeoshwa mara nyingi, hauna tena chakula cha mmea. Na mahali madini yanapooshwa si mahali pa kumtuma mtoto achote udongo.

4. Chagua chombo. Ndobo iliyopasuka, bidoni ya mafuta iliyokatwa katikati, sufuria iliyotoboka, mfuko wa unga: vyote vinafaa. Toboa matundu chini. Mmea huu unapenda maji lakini haupendi kusimama ndani ya maji. Mizizi yake inaoza. Ukipanda chini ardhini, inua tuta kidogo.

5. Chagua mahali. Hapa wa Masisi na wa Walikale wanaachana njia. Walikale iko chini na kuna joto, mvua karibu mwaka mzima. Huko panda kwenye kivuli cha kweli: chini ya mti wa avoka, au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Tahadhari na matone ya mabati, maana mvua ya Walikale ikishuka kutoka kwenye bati inachimba shimo na kuvunja mashina. Masisi iko juu na usiku ni baridi. Huko mmea unavumilia jua zaidi, hata la nusu siku, lakini hauwezi baridi kali. Kwenye vilima virefu panda karibu na ukuta, mahali upepo haupigi, na kama uko na chombo chepesi kiingize ndani usiku wa baridi.

6. Mwagilia kwa akili. Siku ya jua utakuta mmea umelala chali kama umekufa. Usilie. Mpe maji kwenye udongo, na baada ya muda mfupi utasimama tena. Shina lake ni kama chupa: likiisha maji linalegea, likijazwa linasimama. Mwagilia asubuhi, tena chini, si juu ya majani. Majani yanayolala na maji usiku kucha ndiyo yanayoita ukungu. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, maji yaliyotumika kuosha mboga yanatosha.

7. Katia ncha. Mmea ukifika urefu wa kiganja, kata ncha ya juu kwa kucha. Utaona uchungu, lakini matawi mawili yatatoka mahali pa moja, na badala ya kijiti kirefu utapata kichaka cha duara kilichojaa maua. Na ile ncha uliyoikata? Hiyo ni mche mwingine. Irudishe kwenye glasi ya maji.

Maadui wake

Konokono wanalipenda, hasa usiku wa mvua. Pitia jioni na taa, uwaokote kwa mkono. Majivu makavu yakimwagwa kuzunguka mmea huwazuia, lakini mvua ikinyesha ni lazima kumwaga tena. Kuku hawali sana, lakini wanachakura na kung'oa. Weka miba au vijiti pembeni. Mbuzi ni mbuzi: kamba yake iwe fupi.

Ukungu tumeueleza. Ukiona majani yanageuka manjano bila sababu, geuza jani utazame chini. Kama kuna unga mweupe, ng'oa mmea mzima, uuchome moto au uuzike mbali, unawe mikono kabla ya kugusa mingine, wala usipande tena impasiensi mahali hapo msimu unaofuata. Panda maua ya namna nyingine.

Mama mmoja anaweza kuuliza: je, linaliwa? Hapana, si mboga. Lipande kwa ajili ya macho.

Mgeni awe na mpaka

Kuna jambo moja ambalo lazima tuseme wazi. Ua hili ni la Afrika, lakini si la misitu ya Walikale. Katika nchi nyingine ambako lilipelekwa kama pambo, kama vile sehemu za Australia na visiwa vya Pasifiki, lilitoroka bustani likajaa kando ya vijito na kuisonga mimea ya pale. Kipande cha shina tu kikianguka mahali penye maji kinaweza kuota. Kwa hiyo usitupe matawi yaliyokatwa kwenye mto au bondeni. Yatie katika shimo la mbolea nyumbani, yafunike vizuri.

Tena, kwetu tuko na ndugu zake wenyewe. Afrika ina zaidi ya namna 100 za ukoo huu, na Kivu imebarikiwa. Yuko Impatiens burtonii wa milimani, ambaye hupenda kingo za njia na mifereji yenye unyevu. Yuko Impatiens bequaertii, mdogo sana, maua yake kama ya kuchezea watoto. Jina lake ni la Joseph Bequaert, mtaalamu Mbelgiji aliyezunguka Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Na yuko wa ajabu kuliko wote, Impatiens niamniamensis wa misitu ya Afrika ya Kati: ua lake lina rangi nyekundu na manjano, limepinda kama mdomo wa kasuku, linatoka kwenye shina lenyewe. Watu wa Ulaya wanalinunua na kuliweka sebuleni. Sisi tunapita tunalikanyaga.

Ndugu hao hawawezi kuishi bila kivuli na maji safi. Mti wa ukingoni ukikatwa kwa makala au kwa nguzo za shimo, jua linaingia na wao wanakauka. Kijito kikijaa potopoto la kuoshea mawe, kingo zao zinafunikwa. Mchimbaji anahitaji kula, tunajua. Lakini kikundi cha watu kinaweza kukubaliana kwamba mawe yaoshwe kwenye mashimo yaliyochimbwa pembeni, si ndani ya kijito chenyewe, na kwamba miti ya ukingoni isiguswe. Na ukitaka ua la msituni nyumbani, using'oe mmea mzima. Kata tawi moja, uliotesheni kwenye maji kama tulivyoeleza, mama yake abaki pale alipo.

Lakini kwa nini maua, mahali pa kupita?

Sasa turudi kwenye lile swali. Watu wengi wa Rubaya, wa Ndjingala, wa Mubi na wa kambi ndogondogo za machimboni wanaishi kama wasafiri. Nyumba ni ya mbao na turubai. Mtu anasema: "Nitajenga kwetu nikipata." Miaka kumi inapita, watoto wamezaliwa palepale, na nyumba bado ni ya kupita. Wengine wala hawakuchagua. Mapigano ya 2024 na ya mwanzo wa 2025 yalihamisha tena familia nyingi za Masisi, na Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre. Kuna familia zilizoacha mashamba zaidi ya mara moja. Kumwambia mtu kama huyo "panda maua" kunaweza kuonekana kama mzaha.

Hatusemi kwa mzaha. Tazama vizuri mmea huu ni wa namna gani. Hauombi shamba, unatosheka na kopo. Hauombi mtaji. Hauombi mwaka mzima. Tawi lenye mizizi linaweza kutoa maua baada ya majuma machache. Na ukilazimika kuondoka, huwezi kubeba mwembe wala mgomba, lakini ncha tatu za impasiensi zilizofungwa katika kitambaa chenye maji ndani ya sashe zinavumilia safari ya siku kadhaa. Ukifika, unaziweka kwenye kopo. Na kama hukuweza kubeba chochote, lakini mwaka jana ulimpa jirani tawi, basi ua lako liko salama kwake. Utamwomba, atakurudishia. Hapo utajivuna kwamba ulitoa.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya ua na jiwe. Jiwe la koltani ukimpa mwenzako, wewe umebaki bila. Shimo kila siku linapungua. Tawi ukilitoa, mmea wako unatoa mengine mawili. Hakuna mtu atakayesimama njiani kukutoza kwa ajili yake.

Kuna pia watoto. Mtoto aliyezaliwa machimboni anaona kila siku ardhi ikipasuliwa, miti ikianguka, maji yakigeuka mekundu. Anaweza kukua akidhani kwamba ardhi ni kitu cha kutoboa tu. Mpe kopo moja liwe lake. Mwandikie jina lake juu yake. Akimwagilia asubuhi kabla ya kwenda shule na kuona jani jipya, anajifunza kitu ambacho maneno yetu mengi hayamfundishi: kwamba udongo huohuo unaweza pia kutunzwa. Na ni kazi ya mtoto kweli, si ile ya kubeba mawe.

Hatuahidi mali. Ua hili halitakulipia masomo. Miche michache iliyooteshwa vizuri katika makopo safi inaweza kupata mnunuzi siku ya harusi au sikukuu, hasa karibu na Goma na Sake, na hiyo ni sabuni na chumvi. Yanafaa kupamba kanisa ndani ya vyungu vyake, na yanadumu kupita maua ya kukatwa ambayo jioni yamelala. Wala hakuna kinachokataza kuyapanda kaburini kwa mpendwa, mahali penye mti wa kivuli.

Kwa vijana: majaribio mawili

La kwanza. Kata tawi lenye maua meupe, ulisimamishe ndani ya glasi ya maji yenye wino mwekundu au wa buluu. Kaa utazame. Kwa sababu shina linapitisha mwanga, baada ya saa chache utaona rangi ikipanda ndani ya mishipa yake. Hivyo ndivyo mmea unavyokunywa. Onyesheni wadogo zenu.

La pili. Kusanya mbegu. Kifuko kikinenepa na kugeuka rangi kidogo, kizungushie kiganja chako kabla ya kukigusa, ama kifunge na kitambaa chepesi. Kikipasuka, mbegu zinabaki ndani. Ni ndogo kama vumbi la tumbako. Zimwage juu ya udongo laini wenye unyevu, usizifunike, maana zinapenda mwanga ili ziote. Funika chombo kwa sashe nyeupe kushika unyevu. Mahali penye joto miche inaonekana baada ya majuma mawili au matatu. Tena utashangaa: ua jekundu linaweza kuzaa watoto wa waridi au weupe. Ukitaka rangi ileile, panda tawi. Ukitaka kushangazwa, panda mbegu. Subira huvuta heri, hata kwa ua lisilo na subira.

Kazi ya mwezi huu

Wapendwa, tuache maneno, tushike kazi. Juma hili kila familia imwombe jirani tawi moja. Asiyelijua ua hili aulize kwa akina mama wa kwaya. Mara nyingi wao ndio wanaojua nani ana nini. Juma la pili, tayarisheni kopo na udongo. Juma la tatu, pandeni, watoto wawe karibu. Mmea ukifika kiganja, kateni ncha, na ncha hiyo isikae kwenu. Mpelekee mgeni aliyefika juzi na ambaye nyumba yake bado haina kitu mlangoni. Mwonyeshe mahali pa kivuli, mwambie amwagilie asubuhi, tena chini, si juu ya majani.